Lida ya fluorokaboni kwenye breidi nyembamba: uzoefu wangu na besi wa Naivasha

Kwa anayevua samaki aitwaye besi Ziwa Naivasha kwa fimbo nyepesi na breidi (mshipi wa kusukwa) ya pauni 10, yaani uzito inaouhimili kabla ya kukatika, jibu langu ni hili: funga lida, kipande cha mshipi kinachokaa kati ya breidi na chambo, iwe ya fluorokaboni (aina ya plastiki) ya pauni 8, urefu wa pima moja. Kabla ya kufika hapo nilijaribu nailoni, na pia fluorokaboni ile laini ya kujazia rili (gurudumu la kukunjia mshipi). Zote mbili zina mahali pake, ila nikiambiwa nibebe roli moja tu botini, nabeba fluorokaboni iliyotengenezwa mahsusi kwa lida.

Breidi yenyewe sina ugomvi nayo. Ni nyembamba kiasi kwamba chambo cha gramu tano kinaruka mbali bila kulazimisha mkono, na kwa sababu haivutiki, mdonoo mdogo wa samaki unausikia mpaka kwenye kiganja. Shida ni kwamba imesukwa kwa nyuzi za polietilini, ambazo ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo inaelea. Inaonekana pia. Na kubwa kuliko yote, haivumilii msuguano: ikikazwa ikapita kwenye gome au jiwe, vijiuzi vyake hukatika kimoja kimoja hadi inaachia.

Na Naivasha ya sasa ni ziwa la msuguano. Maji yalipopanda mwaka 2020 yalimeza ukanda mrefu wa migunga ya ufukweni. Miti ile ilikufa imesimama, na sasa matawi na mashina yake yako chini ya maji pamoja na nguzo za ua za watu. Besi, ambaye aliletwa hapa kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920, anapenda kivuli na vizuizi kama hivyo. Ukimnasa, kitu cha kwanza anachofanya ni kurudi alikotoka, yaani kuzunguka shina. Hapo ndipo lida inapolipa gharama yake. Fluorokaboni ni ngumu kwa nje, na haifyonzi maji, kwa hiyo haipungui nguvu ikilowa kama inavyopungua nailoni.

Wauzaji wengi wanaitangaza fluorokaboni kwa sifa ya kutoonekana. Kuna ukweli ndani yake: kipimo chake cha kupinda mwanga ni 1.42, maji ni 1.33, nailoni ni karibu 1.53. Iko karibu zaidi na maji, lakini haitoweki. Na pembeni mwa mafunjo, ambako maji yana tope na magugu maji yametanda, sioni sababu ya kulipia sifa hiyo. Upande wa kisiwa cha Crescent ni habari nyingine. Pale kuna shimo la kreta, ndiko ziwa lina kina kikubwa na maji huwa safi zaidi. Nikienda huko nashuka hadi pauni 6, na naona tofauti hasa mchana jua likiwa kali na upepo haujaamka.

Sasa bidhaa zenyewe. Nailoni ya kawaida ya dukani ni rahisi, laini, na fundo lake linakaa bila shida. Kwa chambo cha kuelea juu bado ndiyo ninayoichagua, kwa sababu fluorokaboni inazama na huvuta pua ya chambo chini. Kwa kazi ya sakafuni ndipo nailoni inaposhindwa. Besi wa Naivasha hula sana kamba wa Louisiana, wale wekundu walioingizwa ziwani mwaka 1970, kwa hiyo mnyoo wa plastiki unaokokotwa polepole chini ni chambo kinachofanya kazi. Hapo unataka lida inayoshuka pamoja na chambo na kulala chini. Nailoni inashuka kwa kusitasita, halafu upepo unaivuta breidi iliyoelea na chambo kinanyanyuka.

Fluorokaboni ya kujazia rili, ile ya yadi 200, ukihesabu kwa mita ni nafuu kuliko ya lida, na kwa mwanafunzi wa mchezo huu inatosha kabisa. Ni laini kwa makusudi, ili isijikunje kwenye rili. Ulaini huohuo ndio unaoifanya ichubuke mapema kwenye migunga. Ninayotumia sasa ni Seaguar ya lida, roli ya yadi 25. Hawa ndio kampuni ya Kureha ya Japani, waliobuni mshipi wa fluorokaboni mwaka 1971. Bei yake inauma, sitaficha. Ila roli ya yadi 25 inatoa lida zaidi ya kumi, na lida moja ikitunzwa inavua siku nzima.

Fundo ndilo linaloamua kila kitu, kwa kuwa breidi inateleza. Mimi hufunga fundo liitwalo FG. Breidi naikaza, upande mmoja kwenye meno na mwingine kwenye kidole, halafu lida inapita kushoto na kulia juu yake kama mara ishirini. Kisha nalowesha kwa mate na kuvuta taratibu, breidi nimeizungusha kwenye kitambaa isinikate. Angalia rangi: breidi ikibana sawasawa inageuka kuwa nyeusi kidogo pale ilipokumbatia lida. Isipogeuka, fungua uanze upya. Fundo hili ni jembamba, linapita kwenye pete za fimbo bila kugonga, ndiyo maana naweza kutumia pima nzima. Kama boti linayumba na FG haifungiki, funga fundo la yuni mbili (mafundo mawili yanayovutwa hadi yakutane), ila lida iwe dhiraa mbili tu, ili fundo libaki nje ya pete ya mwisho unaporusha.

Kuhusu pauni 8 kwenye breidi ya 10: lida lazima iwe dhaifu kuliko breidi. Ndoana ikinasa kwenye mti na haitoki, unataka ikatike kwenye fundo la chambo. Ikikatikia juu, unaacha mita nyingi za breidi zimejizungusha matawini, na breidi haiozi. Naivasha ina furukombe, mnandi na mwari wanaotua kwenye miti hiyohiyo. Ndege aliyefungwa mguu na breidi ni kitu ambacho hakuna mvuvi anayepaswa kukubali kukisababisha. Lida yenye nguvu kuliko breidi siiungi mkono kwa mtu yeyote anayevua kati ya migunga.

Besi hana meno ya kukata, kwa hiyo waya kama ule wa kuvulia nguru Pwani hauhitajiki. Ana meno madogo ya kukwaruza. Baada ya kila samaki, pitisha shubiri ya mwisho ya lida katikati ya midomo. Ukisikia ukwaru, kata ufunge upya. Na mshipi ukikatika, tazama ncha iliyobaki. Ikiwa imejikunja kama mkia wa nguruwe, fundo liliteleza, mara nyingi kwa sababu lilikazwa kavu likaungua. Ikiwa imechakaa na kufifia kuwa nyeupe, ni mti uliofanya kazi hiyo, na safari ijayo panda hadi breidi ya pauni 15 na lida ya 10 kabla hujarudi kurusha mahali pale.