Kalafati ya sitaha ya msaji: ununue ipi, uache ipi

Mwagia sitaha maji ya bahari, kisha ungoje. Mbao zikishakauka, tazama kando ya ile mistari myeusi ya kalafati, yaani mpira unaoziba mianya kati ya mbao: panapobaki na unyevu ndipo kalafati ilipoachia. Pima mianya hiyo yote kabla ya kutoa pesa. Katriji (mrija wa kalafati) ya mililita 300 hujaza mita 8 hivi za mwanya wa milimita 6 kwa 6, na kidogo lazima kipotee, kwa hiyo ongeza moja.

Kama una subira ya kuagiza, chaguo langu la kwanza ni SIS 440 ya Teak Decking Systems, kampuni ya Florida, Marekani. Haichanganywi na kitu, na haitaki praima, ile dawa ya kupaka kwanza ili kalafati ishike. Msaji (wengine mnauita mtiki) una mafuta yake ya asili yanayokataa gundi, kwa hiyo kupunguziwa hatua ya praima ni kupunguziwa mahali pa kukosea.

Inayofuata ni Sikaflex-290 DC, ya poliyurethani. Nayo ni nzuri sana, ila inataka praima yake kwenye kuta zote mbili za mwanya. Hukomaa kwa unyevu wa hewa, na pwani yetu unyevu hatuukosi. Usikubali muuzaji akupe Sikaflex-11FC akisema ni ileile. Hiyo ni ya ujenzi wa nyumba, haikutengenezwa kwa sitaha ya msaji. Na hiyo 290 DC, spiriti isiikaribie kabla haijakomaa, maana itabaki laini.

Polisalfaidi, kalafati ya makopo mawili ya kuchanganya, naiweka ya tatu. Inavumilia mafuta ya injini yakimwagika, lakini isipochanganywa sawasawa huacha sehemu zisizokauka, na joto letu hukunyima muda wa kuifanyia kazi. Mwachie fundi aliyeizoea.

Sasa kalafati yetu wenyewe, pamba iliyolowekwa mafuta. Naipenda, na kwenye jahazi sioni sababu ya kuibadilisha: pamba hugongwa kati ya mbao nene, mbao zikinywa maji huvimba na kuibana. Lakini sitaha ya msaji ya boti nyingi za siku hizi ni nyembamba, mara nyingi milimita 10 tu au pungufu, imegandishwa juu ya faibaglasi au plaiwudi. Mwanya wake ni mfereji mfupi usiofika chini. Ukigonga pamba humo unaweza kuuinua ubao mzima. Kwa kazi hii, basi, inakuwa ya nne.

Ya mwisho ni silikoni ya madirisha. Usiinunue hata ukipewa kwa bei ya kutupa. Niliwahi kusafisha sitaha iliyojazwa silikoni, na siku nyingi zaidi zilikwenda kuitoa kuliko kuweka kalafati mpya, kwa sababu mabaki yake hayaruhusu kitu kingine kushika. Ilibidi kukwangua hadi kwenye ubao mpya, na ubao wa msaji ukishakwanguliwa haurudi.

Pesa itakayobaki nunua asetoni ya kufutia kuta za mwanya, tepu ya karatasi ya kukinga mbao, na utepe mwembamba wa kulaza chini ya mwanya. Huo utepe wengi huuruka. Kalafati inatakiwa ishike kuta mbili tu; ikishika na sakafu haiwezi kunyumbuka mbao zinapotanuka na kusinyaa, na itachanika upande mmoja.

Soma tarehe iliyoandikwa kwenye katriji, kisha iminye. Ikiwa ngumu, irudishe hapohapo dukani. Ukimaliza kujaza, usiguse kwa msasa mpaka ikomae hadi ndani kwa siku zilizoandikwa na mtengenezaji. Baadaye sugua sitaha kwa brashi laini na maji ya chumvi, ukipitisha brashi kukingama na nyuzi za ubao, na dawa ya kung'arishia nguo ibaki nyumbani.