Ukurasa wa kutafuta daktari kwenye akaunti ya mgonjwa: nyota tatu, mbili ni za kalenda

Hospitali anayotibiwa mama ina mfumo wa mtandaoni wa wagonjwa: majibu ya vipimo, dawa, miadi, na sasa ukurasa mpya wa kutafuta daktari. Akaunti yake naisimamia mimi, kwa idhini yake, kwa hiyo naujua ukurasa huu nje ndani.

Nianze na linaloniudhi. Kuingia tu ni nywila, kisha tarakimu sita zinazotumwa kwenye simu. Ukishaingia, mfumo unajua kila kitu: mama ana miaka 71, ana kisukari na presha, daktari wake wa kawaida ni nani, na kwamba amemwandikia rufaa ya macho. Yote yamo ukurasa wa mbele. Sasa bonyeza "Tafuta daktari". Inakuja orodha ya madaktari wote kwa alfabeti, na anayeongoza ni bingwa wa watoto wachanga! Ingekuwa tovuti ya wazi, inayofunguliwa na yeyote, ningenyamaza. Lakini mtu ameshajitambulisha mara mbili, na rufaa yake imo humo humo. Mstari mmoja tu juu ya orodha ungetosha: una rufaa ya macho, wanaoipokea ni hawa, na mwenye nafasi ya mapema zaidi ni fulani.

Kisanduku cha kutafutia nacho ni kigumu. Andika "kisukari" uone: hakuna matokeo. Kumbe kinatafuta majina ya madaktari na ya idara tu, maradhi hakiyajui, na hakuna mahali kinapokuambia hivyo. Mgonjwa atafunga akiamini hospitali haina daktari wa kisukari, wakati wapo tele. Majina yenyewe sharti uyapatie herufi kwa herufi. Daktari aliyesajiliwa Muhammad humpati kwa Mohamed, wala huulizwi kama ulimaanisha huyo. Kipimo cha kuhesabu maneno mawili yanatofautiana kwa herufi ngapi mwanahisabati Vladimir Levenshtein alikitoa mwaka 1965, na leo programu nyingi tu zinakitumia kusahihisha tahajia. Hapo sioni udhuru.

Kalenda, hapo nawavulia kofia. Chini ya jina la kila daktari kuna tarehe ya kwanza aliyo na nafasi, ya kliniki kivyake na ya video kivyake, na unachagua saa bila kuhama ukurasa. Kichujio cha "Anapokea wagonjwa wapya" hakidanganyi: waliojaa wanatoka kwenye orodha, tofauti na mifumo inayokuonyesha daktari, unasoma wasifu wake mpaka mwisho, ndipo unakuta hana nafasi. Na ukifungua wasifu kisha ukarudi nyuma, vichujio ulivyoweka unavikuta kama ulivyoviacha. Dogo hilo, lakini waliowahi kuchuja upya kila wanaporudi watanielewa.

Hawakuweka nyota za wagonjwa kwa madaktari, na binafsi nimefurahi. Anayepokea kesi ngumu angeonekana hafai mbele ya anayeandika dawa za mafua.

Maandishi sasa. Ile tarehe ninayoisifia wameiandika kwa kijivu hafifu juu ya nyeupe. Miongozo ya WCAG, ile ya kimataifa ya kufanya tovuti zitumike na watu wote, wakiwemo wasioona vizuri, inataka maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Hii sijaipima, ila mama, ambaye macho yake ndiyo yaliyotupeleka huko, haioni kabisa. Nikamkuzia herufi kwenye simu. Tarehe ikasomeka, lakini kitufe cha "Weka miadi" kikazama chini ya upau wa menyu, ikabakia ncha yake ya juu tu. Ukigusa hiyo ncha unafungua menyu. Mama akaniambia, "Mwanangu, hiki kitu kinanikimbia."

Wanaotumia mfumo huu na wana rufaa, msihangaike na orodha ya mwanzo. Fungua "Rufaa zangu", nakili jina la idara kama lilivyoandikwa, libandike kwenye kisanduku, kisha panga kwa tarehe ya mapema. Ndivyo nilivyompatia mama nafasi. Herufi zikuze baadaye, miadi ikishathibitishwa.