Saa 35 za mikanda ya hewa: uzoefu wangu na angina kali

Nilikwisha kufanyiwa upasuaji wa kupandikiza mishipa ya moyo, na miaka kadhaa baadaye nikawekewa stenti mbili, yaani vijibomba vya kuushikilia mshipa ubaki wazi, lakini angina, yaani maumivu ya kifua ya moyo kukosa damu ya kutosha, ilirudi. Ngazi za ghorofa moja tu zilitosha kunisimamisha katikati, mkono wa kushoto ukiwa mzito na taya limekaza. Madaktari hupanga angina katika madaraja manne, la nne likiwa kali zaidi, nami nilikuwa katika la tatu. Nilipulizia nitrogliserini chini ya ulimi mara mbili au tatu kwa siku, na kila mara nilikaa kwanza, kwa kuwa dawa hiyo hushusha presha ghafla.

Daktari wa kwanza alinishauri nipasuliwe tena, na mazungumzo yetu hayakuzidi dakika 10. Jambo hilo liliniumiza, kwani upasuaji wa pili una hatari kubwa kuliko wa kwanza, na hakuna aliyenieleza iwapo ungenirefushia maisha au ungenipunguzia maumivu tu. Hayo ni maswali mawili tofauti kabisa, na mgonjwa anastahili kujibiwa yote mawili. Daktari wa pili ndiye aliyenifafanulia utafiti wa ISCHEMIA, uliochapishwa mwaka 2020 baada ya kufuatilia watu 5,179 ambao ugonjwa wao ulikuwa umetulia: walioanza na stenti au upasuaji hawakupungukiwa na vifo kuliko walioanza na dawa, ingawa waliokuwa wakiumwa kifua mara kwa mara walipata nafuu zaidi. Alinionya kwamba matokeo hayo hayamhusu mtu mwenye shambulio la moyo, wala ambaye shina la mshipa wa kushoto unaoulisha moyo damu limeziba. Kwangu mimi, mshipa uliopandikizwa kutoka kifuani ulikuwa bado wazi. Yaliyoziba ni matawi membamba, tena kwa urefu, mahali ambapo stenti haina pa kushika.

Dawa zilikwisha kuongezwa hadi kikomo nilichoweza kuvumilia. Ndipo tukakubaliana nijaribu tiba ya mikanda ya hewa, yaani EECP, saa moja kila siku, siku tano kwa wiki, kwa wiki saba.

Unalala chali ukiwa umevaa suruali ya kubana, umefungwa mikanda mipana kwenye mashavu ya miguu, mapajani na makalioni, huku nyaya za kifuani zikisoma mapigo yako. Moyo unapopumzika kati ya pigo na pigo, wakati ambao mishipa yake yenyewe hujaa damu, mikanda hujaa hewa kuanzia chini kwenda juu na kuisukuma damu irudi kifuani. Kabla moyo haujasukuma tena, yote hulegea kwa pamoja. Mwili mzima huruka kidogo kitandani kwa kila pigo. Siku ya kwanza niliogopa, siku ya tatu nilisinzia.

Wahudumu walikuwa makini: walinipima presha kila siku, na kabla ya kuanza walihakikisha kwamba sina damu iliyoganda miguuni wala vali ya aota (mshipa mkuu unaotoa damu moyoni) inayovuja sana, kwa sababu wenye matatizo hayo hawafai kufanyiwa tiba hii. Kasoro nilizoziona ni michubuko ya mapajani katika wiki ya pili, haja ndogo ya mara kwa mara, na ratiba inayomwia vigumu mtu aliyeajiriwa.

Kwa wiki tatu sikuona tofauti yoyote. Katika wiki ya tano nilipanda zile ngazi bila kusimama, nikalia nilipofika juu. Sasa napulizia dawa mara moja au mbili kwa wiki. Mishipa haikuzibuka, na nimeelezwa kwamba nafuu inaweza kupungua na tiba ikahitaji kurudiwa. Ikifika hapo, nitairudia. Kichupa cha nitrogliserini hakitoki mfukoni mwa shati, na nyumbani kila mmoja anajua kwamba maumivu yasipokwisha dakika 5 baada ya kupulizia, gari la wagonjwa huitwa bila kuniuliza.