Tuisheni ya jioni ya Historia 2, Majengo, Moshi: uzoefu wangu na mada ya Mapinduzi ya Ufaransa

Nawaandikia wenzangu mnaojiandaa na mtihani wa kidato cha sita kama watahiniwa wa kujitegemea, hasa mnaofanya kazi mchana hapa Moshi mjini na kutafuta mahali pa kusoma jioni. Ninaposomea hapana hata kibao. Ukifika Majengo uliza tuisheni ya madam wa Historia, utaonyeshwa. Vipindi ni saa 11 jioni hadi saa 1 usiku, Jumatatu hadi Alhamisi, na unalipa buku kwa kipindi. Hakuna fomu wala kiingilio.

Nimesoma pale mada nyingi, ila nitaizungumzia hii moja kwa sababu ndiyo iliyonifanya niache kuhamahama. Kote nilikopita kabla, Mapinduzi ya Ufaransa yalikuwa orodha: sababu za kisiasa, za kiuchumi, za kijamii. Unameza, unaenda kuitapika kwenye karatasi ya mtihani, ukitoka nje umesahau. Madam huyu alianza na kodi ya chumvi.

Wafaransa waliiita gabelle. Katika majimbo ya kaskazini, Paris ikiwemo, kila aliyezidi miaka 8 alilazimika kununua kiasi fulani cha chumvi kila mwaka, kama kilo 7 hivi, kwa bei iliyopangwa na serikali, atake asitake. Makasisi na makabaila wengi walikuwa na msamaha. Jimbo la Bretagne nalo lilisamehewa, huko chumvi ikawa rahisi mno, na mpaka wa jimbo ukageuka njia ya magendo. Hapo kaka mmoja wa Tarakea, mpakani na Kenya, akanyoosha mkono, akasema, "Madam, hiyo mimi naijua," akalieleza darasa jinsi bei ikitofautiana pande mbili za mpaka mzigo unavyotembea usiku kwa pikipiki. Madam akamwachia aeleze mpaka mwisho, ndipo akaongeza kwamba kule Ufaransa hata wanawake na watoto walibeba chumvi ya magendo, na mwanamume aliyekamatwa aliweza kupelekwa kufungwa minyororo kwenye merikebu za kupigwa makasia. Tangu siku ile sijapata shida kueleza kwa nini watu walichoka.

Siku nyingine alitugawa. Benchi la mbele likawa makasisi, la dirishani makabaila, na sisi wengine wote, darasa karibu zima, tukawa Tabaka la Tatu, yaani wananchi wa kawaida. Akauliza nani alipie fotokopi za maswali ya wiki ile, kila tabaka kura moja. Makasisi wakasema Tabaka la Tatu walipe. Makabaila wakasema vivyo hivyo. Mbili kwa moja, tukashindwa, na tulikuwa wengi kuwazidi mara kadhaa. Kelele ilivyopanda! Mama mmoja wa makamo aliyeketi nyuma akasimama: "Tuhesabiwe vichwa!" Madam akamjibu kwamba hilohilo ndilo lililodaiwa Versailles, mji wa jumba la mfalme karibu na Paris. Akaendelea palepale: Bunge la Matabaka lilifunguliwa tarehe 5 Mei 1789, halijaitishwa tangu 1614. Tabaka la Tatu walikuwa na wajumbe wapatao 600, karibu sawa na matabaka mengine mawili yakijumlishwa, lakini kura ikipigwa kwa tabaka wingi wao haukuwa na kazi. Tarehe 17 Juni wakajitangaza kuwa Bunge la Taifa. Siku tatu baadaye wakakuta ukumbi umefungwa, wakaingia kwenye uwanja wa tenisi na kuapa kutotawanyika mpaka nchi ipate katiba.

Kwenye uchumi aliandika hesabu ya siku moja ya kibarua wa Paris. Kipato sous 25 (sous ni sarafu ndogo za Ufaransa za wakati ule). Mkate wa ratili nne, ambao kawaida uliuzwa sous 8 au 9, ulifika sous 14 na nusu mwaka 1789 baada ya mvua ya mawe ya Julai 1788 na baridi kali iliyofuata. Akatuachia chaki tutoe wenyewe. Zinabaki sous 10 na nusu za kodi ya chumba, kuni, nguo na mboga, na huo mkate mmoja haushibishi familia. Ndipo akatuambia kuhusu wanawake walioandamana hadi Versailles Oktoba 1789 na kumrudisha mfalme Paris.

Lakini kilichonigusa kuliko vyote ni yale madaftari ya malalamiko. Kabla ya Bunge kukutana, vijiji na miji nchi nzima viliandika kero zao. Wakulima wengi walilalamikia njiwa. Kabaila ndiye aliyekuwa na haki ya kufuga njiwa, njiwa walikula mbegu shambani kwa mkulima, na mkulima haruhusiwi kuwaua. Nilidhani ni kakichekesho ka darasani tu. Kumbe baada ya usiku wa tarehe 4 Agosti 1789, Bunge lilipofuta haki za kikabaila, kifungu cha pili cha amri zile kinahusu njiwa haohao: wafungiwe kwa majira, na wakitoka mkulima anaruhusiwa kuwaua kwenye ardhi yake. Kero ya mtu asiyejulikana jina, iliyosemwa kijijini, imeingia kwenye sheria ya nchi ndani ya miezi michache. Nimeisoma historia hii miaka mingi bila mtu kunionyesha kwamba mkulima mwenyewe yumo ndani yake.

Sasa mapungufu. Darasa limejaa kupita kiasi, ukifika saa 11 na nusu unaandikia magotini, na umeme ukikatika mnategemea tochi za simu. Kipindi cha Ugaidi (1793 hadi 1794, serikali ya mapinduzi ilipowaua iliowaona maadui wake) kilipewa jioni moja tu, wakati watu wapatao 17,000 walihukumiwa kifo rasmi na wengi wao hawakuwa makabaila. Mwanafunzi anaweza kutoka akidhani alichinjwa mfalme, Januari 1793, na mambo yakaisha. Haiti nayo, iliyokuwa koloni la Ufaransa, ilipitishwa mbiombio. Watumwa waliinuka Agosti 1791, Ufaransa ikafuta utumwa Februari 1794, Napoleon akaurudisha 1802, Haiti ikajipatia uhuru wake Januari 1, 1804. Sisi Waafrika tulistahili wiki nzima hapo, na nimemwambia madam hivyo. Ameahidi kuongeza.

Jambo jingine: msinunue pamfleti zinazouzwa kwenye steshenari kwa ajili ya mada hii. Niliyonunua mimi inasema Bastille, ngome ya Paris iliyotumika kama gereza na kuvamiwa Julai 1789, ilikuwa na mamia ya wafungwa, na walikuwamo 7 tu. Watu walifuata baruti, na ngome yenyewe walikuwa wanaichukia. Tena inamwekea malkia Marie Antoinette ile kauli ya kuwaambia wenye njaa wale keki, jambo lisilo na ushahidi.

Madam hufundisha kwa Kiswahili, kisha dakika ishirini za mwisho mnaandika aya kwa Kiingereza cha mtihani na anasahihisha palepale. Wanaokaa mbali, Kiboriloni na kwingineko, waulizie kundi la Jumamosi asubuhi, kwa sababu saa 1 usiku daladala zinakuwa za kugombania.