Soketi ya dashibodi ya pikipiki: kwa simu ndiyo, kwa pampu hapana

Soketi inayokuja kwenye dashibodi inatosha kabisa kwa simu na GPS. Pampu ya upepo au koti la kupasha joto kwa umeme, hapo imezidiwa. Na yale malalamiko ya kila siku, kwamba simu inachaji, inakata, inachaji tena, mara nyingi hayatokani na upungufu wa umeme. Ni plagi kutogusa sawasawa.

Soketi ya kiwashio cha sigara, yenye tundu la milimita 21 hivi, ilibuniwa kwa ajili ya gari, si kwa chombo kinachotetemeka muda wote. Ncha ya plagi ina springi inayobana kitako cha soketi, na springi hiyohiyo ndiyo inayoisukuma plagi nje. Kinachoishikilia ni vibati viwili vya pembeni tu. Injini ikitetema, plagi inajitoa kidogo kidogo mpaka ncha inagusa nusunusu. Hapo cheche zinaanza, zinaacha masizi, masizi yanaongeza ukinzani (ugumu wa umeme kupita), na ukinzani unaleta joto. Ukinzani wa omu 0.1 tu, ukipitisha ampea 8, unapoteza volti 0.8 na kutoa wati 6.4 za joto palepale kwenye ncha. Plastiki ya adapta za bei rahisi inalainika, springi inazama ndani, na adapta ndiyo imekufa. Zile ndefu zinazochomoza nje ndizo mbaya zaidi, maana uzito wake wenyewe unazitikisa. Chukua fupi, inayokaa sawa na ukingo wa soketi.

Soketi ya DIN (kiwango cha Kijerumani), yenye plagi ya milimita 12 na inayopatikana kwenye BMW na Triumph nyingi, inaishinda kwa mbali. Plagi inabana na haichomoki ovyo. Ila ukiichomekea kigeuzi cha kwenda kiwashio cha sigara umerudi kulekule. Nunua chaja ya USB yenye plagi ya DIN moja kwa moja.

Kuhusu mzigo, USB ya volti 5 na ampea 2.1 ni wati 10.5, yaani kama ampea 1 tu kutoka kwenye betri. Koti la joto la wati 90 linavuta zaidi ya ampea 6, na pampu nyingi hufika 10. Angalia fyuzi ya soketi kabla ya kuchomeka chochote kikubwa. Ikiungua, usiweke kubwa zaidi: fyuzi inalinda waya, na waya wa soketi huwa mwembamba. Baadhi ya BMW hazina fyuzi ya soketi kabisa. Kompyuta ya pikipiki ndiyo inayokata umeme mzigo ukizidi, kwa hiyo usipoteze muda kuitafuta fyuzi.

Kupima bila mzigo ni kujidanganya. Washa injini, chomeka kifaa, pima volti kwenye betri, kisha kwenye waya nyuma ya soketi. Tofauti ikizidi volti 0.5, tatizo liko njiani, na pa kuanzia ni waya wa hasi: boliti yake iliyofungwa juu ya rangi au kutu. Kusafisha soketi yenyewe, toa fyuzi kwanza (bisibisi ikigusa kitako na ukuta kwa pamoja ni shoti), piga msasa laini, panua vibati vya plagi kidogo, pakaa grisi ya silikoni kiasi kwenye ukingo kuzuia maji.

Soketi isiyozimika na swichi ya ufunguo ina mtego wake. Adapta yenye taa ikivuta miliampea 20 mfululizo, kwa wiki mbili inakula karibu ampea-saa 7. Betri ya ampea-saa 8 haitawasha injini.

Kwa pampu na koti, vuta waya wa milimita za mraba 2.5 kutoka betri, fyuzi ya ampea 15 ndani ya sentimita 15 kutoka chanya, kisha rilei (swichi inayowashwa kwa umeme mdogo): betri kwenye pini namba 30, kifaa kwenye 87, hasi kwenye 85. Soketi ya dashibodi, kama inazimika na swichi, inatoa waya mmoja tu wa kuamsha rilei kwenye 86, kazi isiyofika hata robo ampea.