Uzoefu wangu: wiki sita za tuisheni ya jinai na ukurasa wa 41

Naandika nikiwa bado na hasira, na ni haki ya msomaji kulijua hilo mapema. Nilisoma kwa wiki sita katika kituo kimoja cha tuisheni ya sheria hapa Dar es Salaam, maeneo ya Mwenge, nikijiandaa na mtihani wa mwenendo wa makosa ya jinai wa Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ambayo sote tumezoea kuiita Law School. Jina la kituo sitalitaja. Waliowahi kupanda ngazi zake baada ya saa za kazi watakitambua kwa feni yake moja isiyozunguka.

Asiyeelewa kwa nini mtu mwenye shahada ya sheria alipie tena tuisheni akumbuke matokeo ya mwaka 2022, ambapo kati ya watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26 tu, hadi waziri mwenye dhamana akaunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe ili ichunguze kulikoni. Tangu wakati ule hofu imekuwa bidhaa inayouzika vizuri, nami niliinunua kwa shilingi 250,000, desa likiwa ndani ya bei hiyo. Desa lenyewe ni kitabu cha fotokopi kilichofungwa kwa waya wa plastiki, chenye vifungu, kesi na majibu ya mfano. Kwa mtu anayefanya kazi mchana na kupiga msuli usiku, kitu kama hicho ni mkombozi, mradi kiseme kweli.

Ukurasa wa 41 haukusema kweli.

Naomba niueleze, kwa sababu ndio chanzo cha yote. (Namba za vifungu ninazozitaja ni za Toleo la 2022 ambalo ndilo nililosomea, kwa hiyo anayesoma kwa Toleo la 2023, lililoanza kutumika Julai 2025, azihakiki mwenyewe.) Kwa miaka mingi Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, ilimtaka Jaji wa Mahakama Kuu asikilize mashauri ya jinai akisaidiwa na wazee wa baraza, yaani raia wa kawaida wanaokaa naye kumpa maoni juu ya kesi, wasiopungua wawili. Ushahidi wa pande zote ukishafungwa, aliwajumlishia ushahidi na sheria inayohusika chini ya kifungu cha 298, kisha kila mmoja akatoa maoni yake. Jaji akisahau kuwaeleza jambo la msingi, kwa mfano maana ya nia ovu au utetezi wa mshtakiwa kwamba siku ya tukio alikuwa kwingine kabisa, Mahakama ya Rufani iliweza kuubatilisha mwenendo, na watu waliokwisha kuhukumiwa kunyongwa wamewahi kurudishwa kusikilizwa upya kwa sababu hiyo. Ndiyo maana kila mwanafunzi wa jinai wa zamani anaijua mada ya wazee wa baraza kama anavyoijua njia ya kwenda kwao. Lakini mwaka 2022, kwa Sheria Na. 1 ya mwaka huo, Bunge lilikirekebisha kifungu cha 265, na ule ulazima ukaondoka. Desa letu liliendelea kusema "lazima", tena kwa herufi nene.

Jaribio la wiki ya tatu lilileta swali la mtu aliyetiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia, katika shauri lililoanza kusikilizwa mwaka 2023 mbele ya Jaji peke yake. Tulitakiwa kuandaa sababu za rufaa. Niliandika sababu tatu, nikaongeza aya fupi kueleza kwamba kukosekana kwa wazee wa baraza si sababu ya rufaa tena, nikataja na sheria iliyobadilisha. Karatasi iliporudi, aya ile ilikuwa imekatwa kwa mstari mmoja mrefu wa kalamu nyekundu, na pembeni limeandikwa neno moja, SOMA, na alama ya mshangao iliyokandamizwa mpaka karatasi ikatoboka.

Nilisubiri maswali yaishe, nikanyoosha mkono. "Samahani, Mwalimu, naomba ufafanuzi wa swali la pili."

"Swali la pili limekufanya nini?"

Nikamweleza kwamba nina nakala ya sheria ya marekebisho kwenye simu, na nikaomba nimwonyeshe. Hakuitazama simu. Alinitazama mimi, kwa muda uliotosha watu wa mbele kugeuka, kisha akasema, "Binti, nimeanza kusimama mahakamani wewe ukivaa sketi ya shule ya msingi. Desa linasemaje?"

"Linasema lazima, Mwalimu, lakini marekebisho ya—"

"Basi limeshasema. Au msomi mwenzetu anataka aje afundishe, sisi tukae?" Akaninyooshea kalamu ya ubaoni. Darasa zima likacheka, hata jirani yangu, ambaye dakika mbili kabla ya hapo alikuwa ameinakili aya yangu kwenye daftari lake.

Katika fani yetu "wakili msomi" ni neno la heshima, linalosemwa hata na mtu anayekaribia kukumaliza kwa hoja. Kulisikia likitumika kama kofi, mbele ya watu arobaini na joto lile, ni jambo ambalo sijui kama mtu mwenye umri wangu hulisahau. Mwalimu huyohuyo alikuwa ametufundisha juma lililotangulia kwamba mshtakiwa yeyote, hata aliyekamatwa na panga mkononi, ana haki ya kusikilizwa. Mimi nilitiwa hatiani bila kusomewa shtaka, kielelezo changu kikakataliwa kabla hakijafunguliwa.

Kuanzia siku hiyo kila kitu pale kilininukia. Niliona kwamba kipindi chenye urefu wa saa tatu kinaanza kwa kuchelewa dakika arobaini na kuisha saa nne na nusu usiku, wakati daladala za kwetu zimeshaadimika. Hata polisi, kwa mujibu wa kifungu cha 50, hupewa saa nne za msingi kumhoji mtuhumiwa, na wakitaka zaidi kuna utaratibu wake katika kifungu cha 51, ilhali sisi tulikuwa tukiongezewa muda bila ya kuombwa. Niliona kwamba maji ya kunywa yanauzwa ghali kuliko dukani chini. Yawezekana mambo haya yalikuwepo tangu wiki ya kwanza na sikuyajali, siwezi kuapa.

Nilikwenda mapokezi kuomba nirudishiwe nusu ya ada. Dada wa mapokezi alinisikiliza huku akijibu ujumbe kwenye simu yake, akaniambia, "Dada yangu, hela ikishaingia kwenye mfumo haitoki." Nikamuuliza mfumo gani, maana nilimlipa taslimu naye akaziweka kwenye droo nikiona. Akaigeuza risiti yangu na kunionyesha maandishi madogo chini yake: ada hairudishwi kwa sababu yoyote. Nilitaka kumwambia kwamba mkataba wa kufundishwa sheria iliyobadilishwa una mushkeli wake, lakini nyuma yangu kulikuwa na foleni ya wapya waliokuja na ada zao mkononi, nikaona nisiwaharibie jioni. Leo najuta kwamba sikuwaharibia.

Kama ningeandika siku ile, maneno yangu yangekuwa mawili tu: msiende pale. Bahati mbaya kwa hasira yangu, nilikuwa nimeshalipa, kwa hiyo nilirudi wiki ya nne, na wiki ya nne ilikuwa ya kuandika hati ya mashtaka.

Hapa nalazimika kusema kweli hata kama inaniuma. Sijawahi kufundishwa jambo lolote la sheria kwa ustadi kama nilivyofundishwa hati ya mashtaka na mtu yuleyule aliyenidhalilisha. Alitupa mkasa wa kijana aliyeporwa simu usiku na watu wawili wenye panga, akatutaka tuandike shtaka la unyang'anyi wa kutumia silaha chini ya kifungu cha 287A cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Kosa hilo adhabu yake haipungui kifungo cha miaka 30, kwa hiyo si mahali pa kubahatisha maneno. Mimi niliandika tarehe, mahali, mali iliyoibwa, jina la mwenye mali, na kwamba washtakiwa walitumia panga ili kuipata mali hiyo. Nilijiona nimemaliza. Alipita kati ya madawati, akasimama juu ya karatasi yangu, akaweka ncha ya kalamu nyekundu baada ya neno "panga".

"Lilitumika kwa nani?"

Nikasema kwa mlalamikaji, inaeleweka.

"Inaeleweka na nani? Mshtakiwa anayesomewa hii kizimbani, au wewe uliyesoma mkasa?" Kisha akaliambia darasa zima, safari hii bila kejeli, kwamba kiini cha unyang'anyi ni nguvu au tishio linaloelekezwa kwa mtu; kwamba Mahakama ya Rufani imeshasema mara kadhaa kwamba hati isiyomtaja mtu aliyetishwa ina kasoro; na kwamba zipo rufaa ambazo watu wamechomoka kwa sababu mwendesha mashtaka aliacha kuandika jina moja. Alifuta ubao na kuandika hati nzima upya, polepole, akieleza kila neno linafanya kazi gani na nini kitaanguka likiondolewa. Feni haikuzunguka wala hakuna aliyeisemea.

Aliendelea hivyo hadi wiki ya tano. Juu ya kukiri kosa alituigizia mshtakiwa anayeulizwa kama ni kweli alimpiga jirani yake, akajibu, "Ni kweli, lakini alianza yeye." Nusu ya darasa tukaandika kwamba amekiri. Akatusomesha shauri la Adan dhidi ya Jamhuri la mwaka 1973, la Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki: shtaka lielezwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, jibu liandikwe kwa maneno yake mwenyewe, akikubali asomewe maelezo ya tukio, naye akiyapinga au akileta jambo la kumtetea basi iandikwe kwamba amekana. Ile "lakini" ndiyo yenye kesi. Nilirudi nyumbani usiku huo nikiisikia "lakini" kwa kila mtu aliyezungumza ndani ya daladala.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama kituo kile kinafaa, nilikuwa nimeamua kujibu kwamba kinafaa kwa anayejua kuvumilia. Mtihani ulipokuja, hati ya mashtaka yenye kasoro ilikuwamo, na mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye mahali palipokosekana jina la mtu. Nilifaulu jinai bila ya kusapu, yaani bila kurudia mtihani. Nikajiambia kwamba mwalimu mkali na mwalimu mbaya ni vitu viwili tofauti, kwamba huenda siku ile alikuwa amechoka, kwamba mtu mzima akisahihishwa mbele ya watu huumia, na pengine mimi ndiye niliyekosa adabu kwa kutomfuata faragha. Nilikuwa tayari kumsamehe kabisa, na nusu ya andiko hili la sifa nilikuwa nimeshaliandika.

Kisha mdogo wangu wa chuoni, aliyejiunga na kituo hichohicho muhula uliofuata, akanitumia picha ya desa jipya ili nimsaidie mada ya mashauri ya Mahakama Kuu. Ukurasa ni uleule wa 41. Neno "lazima" limeondoka. Mahali pake pameandikwa kwamba tangu marekebisho ya mwaka 2022 Jaji hafungwi tena na sharti la kukaa na wazee wa baraza, na kwamba kukosekana kwao, kwa kesi iliyoanza kusikilizwa baada ya marekebisho, si sababu ya rufaa. Sentensi ya mwisho ni yangu, neno kwa neno, pamoja na mpangilio wake wa maneno ambao najua ni mbovu kidogo kwa sababu niliuandika nikiwa na haraka. Chini yake kuna kisanduku kilichopewa kichwa "Kosa wanalolifanya wanafunzi wengi", na kosa lenyewe ni kuandika kwamba wazee wa baraza ni lazima.

Wanafunzi wengi! Sisi tuliolifanya tulifundishwa pale pale kulifanya, na asiyelifanya alipewa kalamu ya ubaoni achekwe.

Nilimuuliza mdogo wangu kama mwalimu aliwaeleza kwamba mwaka uliopita alikuwa akifundisha kinyume. Akasema hapana, aliwaambia tu kwamba katika jinai asiyefuatilia marekebisho ya sheria hafai kuvaa joho. Nikamuuliza na ada. Imekuwa 300,000, kwa sababu desa "limehuishwa".

Basi yale niliyoyasema juu ya kusamehe nayaondoa, japo ya hati ya mashtaka yabaki, maana ni kweli. Anayekwenda pale akasome wiki ya nne na ya tano, na hizo nyingine asome sheria yenyewe, toleo jipya, kwa macho yake. Mimi jana nimewaandikia tena mapokezi nikiomba nusu ya ada yangu, safari hii nimeambatisha picha mbili, ya karatasi yangu yenye SOMA na ya ukurasa wa 41 mpya, zikiwa ubavu kwa ubavu. Ujumbe umesomwa saa tatu asubuhi. Hadi ninapoandika haya hawajajibu.