Uzoefu wangu: mafunzo ya upishi ya bure, na sufuria ya wali iliyomwagwa

Alimwaga sufuria nzima. Kilo 3 za mchele wa Kyela, nazi 6 tulizokuna wenyewe kwenye mbuzi, wali umeshapaliwa makaa na harufu imewafikia mafundi cherehani kule barabarani. Mwalimu aliishika ile sufuria kwa vitambaa viwili, akapita nayo mbele yetu sote mpaka kwenye pipa, akamwaga. Kisha akachukua mwiko, akakwangua na ukoko.

Naandika kwa sababu majirani zangu wa Tandale huniuliza kila darasa jipya likitangazwa: tuwapeleke watoto au tusiwapeleke? Ratiba na masharti ya umri utayapata palepale mlangoni. Mimi nitasema habari ya Mwalimu tu, maana pale Mwalimu ndiye kila kitu. Majiko ya gesi hata kwa jirani yapo.

Kosa lilikuwa langu, nalisema kwanza. Nimelelewa na mama mdogo ambaye ni mama lishe Buguruni, na nilianza kuinjika sufuria kabla sijafika darasa la tano. Nilivyozoea mimi, unachota kwa mwiko, unalamba, unaurudisha chunguni, kazi inaendelea. Siku ile nilifanya hivyo bila hata kufikiri, na Mwalimu alikuwa nyuma yangu.

“Wewe binti, umelamba huo mwiko?”

“Ndiyo, Mwalimu.”

“Ukaurudisha?”

“Ndiyo, Mwalimu. Naomba unisamehe.”

“Mgeni aliyelipa hali mate ya mpishi.” Hakusema zaidi. Akavuta vitambaa.

Tulikuwa 18, na wali ule ndio uliokuwa chakula chetu cha mchana. Mimi nyumbani nilikuwa nimekunywa chai. Wengi hawakuwa wamekunywa chochote. Alikuwepo kijana mmoja wa Vingunguti, anakuja kwa miguu na kurudi kwa miguu, na tulichopika darasani ndicho alichokula siku nzima. Mwalimu alilijua hilo kuliko sisi, kwani yeye ndiye aliyempa kazi ya kuosha masufuria ili apate kisingizio cha kubeba makombo. Kijana yule aliponiona nimesimama nalia, aliniuliza polepole, “Dada, na ukoko pia?”

Bibi yangu punje ya wali ikianguka mkekani huiokota. Sasa nieleze mimi nilivyolala usiku ule.

Sikuenda darasani siku kama tatu hivi. Nikarudi asubuhi moja kwa nia ya kumrudishia aproni yake na kumwambia maneno niliyokuwa nimeyapanga njia nzima. Kumbe ilikuwa siku ya kwenda Feri, soko la samaki. Alinitazama, akasema, “Panda gari, umechelewa.” Nikapanda. Mpaka leo najiuliza kwa nini nilipanda.

Feri alfajiri mnaijua: mnada, kelele, maji ya samaki miguuni. Mwalimu alifunga kanga kiunoni akaingia katikati ya wachuuzi, sisi nyuma yake. Akatuonyesha changu na kolekole, mmoja mmoja. Jicho liwe limejaa na linang'aa, likishabonyea ndani achana naye. Funua shavu, liwe jekundu. Bonyeza nyama kwa kidole, ikibaki na shimo huyo si wa leo. Halafu akanisukuma mbele ninunue vibua kwa pesa ya darasa. Muuzaji alikuwa amechanganya vya jana chini, vya leo juu. Nikavitoa vya jana, kimoja kimoja, nikamwekea pembeni. Mwalimu aliangalia mpaka nikamaliza, akawaambia wenzangu, “Huyu ana macho.” Maneno niliyoyapanga njiani sikuyaona tena.

Baada ya hapo nilijifunza kuliko nilivyojifunza miaka yote ya shule. Kitunguu kikatwe vipande sawa ili viive pamoja. Kibao chekundu cha kukatia nyama mbichi, cha buluu cha samaki, cha kijani cha mboga, na ole wako uchanganye. Karoti za julieni, yaani za vijiti vyembamba, nilirudia mpaka vidole vikaota sugu. Wavulana walikuwa wengi kuliko sisi na hakuna aliyewacheka, maana huku kwetu pilau ya harusi na masufuria makubwa ya kuni ni mambo ya wanaume tangu zamani. Cheti ndicho kilichoniudhi: ni karatasi ya kituo tu. Ilinibidi niende mwenyewe VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kwenye urasimishaji wa ujuzi, yaani kupimwa na kutambuliwa ujuzi nilioupata nje ya vyuo vyao. Hilo wangetuambia mapema.

Kazi nilipata. Siku ya majaribio kwenye jiko la hoteli, mpishi mkuu aliniwekea mchuzi akasema onja. Pembeni palikuwa na kopo la vijiko. Mkono ulienda wenyewe: kijiko kimoja, kuonja, sinki, nikaongeza chumvi, kijiko kingine, kuonja, sinki. Na hapohapo nikasikia harufu ya wali ule.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuwaambia msiwapeleke watoto wenu kwa mwanamke yule. Nikifika kwenye vijiko nataka kusema wapelekeni kesho asubuhi. Lakini wali ulikuwa unafuka moshi! Yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha kwamba chakula cha moto kikae juu ya nyuzi 60, cha baridi chini ya 5, na kikiachwa hapo katikati, vijidudu vinapozaliana, kisizidi muda wa saa mbili. Kwa hiyo alijua kwamba angeweza kuurudisha jikoni upate moto tena, akatupakulia, akanifukuza mimi peke yangu. Kwa mgeni wa hoteli, sawa, mwaga. Sisi hatukuwa wageni wa hoteli. Kosa nilifanya mimi, njaa wakalala nayo watu 17, na sikuwahi kumsikia akiwaomba radhi.

Yule kijana wa Vingunguti sasa anakaanga samaki karibu na Feri, na watu wanapanga foleni. Nilimuuliza kama ameshamsamehe Mwalimu. Akasema yeye hakuwahi kumkasirikia, alinikasirikia mimi.

Mdogo wangu amepata nafasi, anaanza Jumatatu. Nimemwandikisha mwenyewe. Nimemnunulia chupa kubwa ya chai nitakayomjazia uji wa dona kila asubuhi, na vikombe viwili, chake na cha atakayekaa karibu naye.